Namna ya Kuendesha Mjadala Kuhusu Amri za Kufungia Watu Wakati Chanjo Ingali Njiani

Mwishoni mwa 2022 niliombwa kuendesha mjadala wa jioni moja katika ukumbi mdogo mjini Nakuru, kuhusu swali ambalo jamaa na majirani walikuwa wamelizozania kwa zaidi ya mwaka mzima: je, ilifaa kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zifungwe tarehe 26 Machi 2021, ilhali chanjo ya korona ilikuwa imeshaanza kuingia nchini? Nilikwenda na ratiba, saa ya kupimia muda na wasemaji wawili kwa kila upande, na baada ya dakika 20 sikuwa na mjadala tena bali ugomvi. Mmoja alizungumzia kafyu, mwingine kufungwa kwa shule, wa tatu askari na rungu zao, na wa nne aliitetea kwa jazba chanjo ambayo hakuna aliyekuwa ameishambulia. Wote walitumia neno moja, "lokidauni", na kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani.

Haya ninayoyaeleza yametokana na jioni hiyo na nyingine nilizoziendesha baadaye kwa mpangilio bora zaidi. Nayaandika kwa ajili ya mwalimu wa klabu ya midahalo, kiongozi wa kikundi, au mtu yeyote atakayeitwa kusimamia mabishano ya aina hii, kwa kuwa ugonjwa mwingine unaweza kuja na swali likarudi na sura yake ile ile: tujifungie hadi dawa ifike, au tuishi nao?

Andikeni hoja, kisha mwikate vipande

Kosa langu la kwanza lilikuwa kualika watu kabla ya kuandika hoja kwa ukamilifu. Amri aliyoitangaza Rais Uhuru Kenyatta siku ile haikuwa kitu kimoja. Ilizuia safari za kuingia na kutoka katika eneo la kaunti tano; ilirudisha nyuma mwanzo wa kafyu katika eneo hilo, kutoka saa nne usiku hadi saa mbili; ilifunga baa; iliitaka mikahawa iuze chakula cha kubeba tu; ilisimamisha ibada za kukusanyika; na nchini kote ilisitisha masomo ya darasani, isipokuwa kwa watahiniwa waliokuwa wakifanya mitihani. Mtu anaweza, bila kujipinga, kuunga mkono kufungwa kwa baa na kupinga kafyu ya saa mbili, akisema kwamba kafyu iliyokusudiwa kupunguza msongamano iliwakusanya wasafiri wote katika matatu za saa moja ya mwisho.

Kwa hiyo chagueni kipande kimoja, au viwili visivyozidi, na muandike hoja yenye mahali, kitendo na tarehe mbili. Hoja ninayoitumia siku hizi ni hii: "Serikali ilifanya vyema kuzuia safari za kuingia na kutoka katika kaunti tano kuanzia 26 Machi hadi 1 Mei 2021." Ni sentensi kavu, lakini ukavu huo unasaidia, kwa sababu msemaji hawezi kuteleza kutoka kwenye safari akaangukia kwenye shule bila mwenyekiti kumwona. Neno "lokidauni" lenyewe huliandika ubaoni, nikalipiga mstari mwekundu, na kuomba lisitumike katika nusu ya kwanza ya mjadala. Watu hucheka, kisha hugundua jinsi lilivyokuwa likiwasaidia kukwepa maelezo.

Fungeni kalenda

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi, ni kwamba hoja ya kusubiri chanjo hubadilika uzito kufuatana na tarehe. Hadi mwanzoni mwa Novemba 2020 hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ingepatikana chanjo inayofanya kazi. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo wanasayansi watatu, Martin Kulldorff, Sunetra Gupta na Jay Bhattacharya, walitoa Azimio la Great Barrington, wakitaka walio hatarini zaidi walindwe na wengine waachwe waendelee na maisha. Kabla mwezi huo haujafika mwisho wanasayansi wenzao walikuwa wamewajibu kwa waraka ulioitwa John Snow Memorandum, uliochapishwa katika jarida la The Lancet. Ukiyasoma mabishano yale leo, utaona kwamba chini yake kulikuwa na swali moja ambalo hakuna upande uliokuwa na jibu lake: anayeepushwa na ugonjwa leo ameokolewa, au zamu yake imesogezwa mbele tu?

Tarehe 9 Novemba 2020, kampuni za Pfizer na BioNTech zilipotangaza matokeo mazuri ya majaribio ya chanjo yao, swali hilo lilianza kupata jibu. Kuanzia hapo, kila aliyefikishwa mbele ya sindano kabla ya kuambukizwa alikuwa ameshinda kitu halisi, na kuchelewesha maambukizi kukawa na maana ambayo hakukuwa nayo mwezi Mei. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepinga kufungiwa katikati ya 2020 na kukuunga mkono Januari 2021 si kigeugeu, na mwenyekiti asiruhusu aitwe hivyo.

Kalenda ina kazi nyingine pia. Msemaji atakayeleta ushahidi aulizwe kwanza kama ushahidi huo ulikuwepo siku ya uamuzi. Uchunguzi wa damu za wachangiaji nchini Kenya, uliofanywa na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa afya, ulionyesha kwamba kufikia miezi ya mwanzo ya 2021 karibu nusu ya wachangiaji walikuwa na alama za kuwahi kuambukizwa, idadi iliyo mbali kabisa na wagonjwa waliokuwa wakitangazwa kila jioni. Ni takwimu nzito kwa upande unaopinga, lakini ikichapishwa baada ya tukio haiwezi kutumiwa kumlaumu aliyeamua kabla yake. Inaweza kutumiwa kuuliza kwa nini vipimo vya aina hiyo havikufanywa mapema na kwa wingi. Wakati wa amri, kilichokuwa mezani ni kwamba katika kila vipimo 100 takriban 22 vilikuwa vikipata virusi, ilhali mwezi Januari kiwango hicho kilikuwa kidogo sana.

Fanyeni hesabu ya chanjo hadharani

Hapa tumieni ubao, na msiwe na haraka. Kila anayetetea kufungia watu "hadi chanjo ije" anunue hoja yake kwa hesabu: dozi ngapi, za nani, kwa kasi gani, na kinga itaanza lini.

Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Kila mtu alihitaji dozi mbili, kwa hiyo shehena ile ilitosha watu 510,000, yaani kama mtu mmoja katika kila 100. Chanjo hizo zilitengenezwa India, katika Serum Institute, na wiki ile ile amri ya Nakuru na jirani zake ilipotangazwa, India, iliyokuwa ikikabiliwa na wimbi lake yenyewe, ilizuia chanjo zake kupelekwa nchi nyingine. Muda wa kusubiri dozi ya pili nchini Kenya ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12.

Ongezeni kwamba mwili huhitaji wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza kabla ya kujenga kinga ya kutegemewa. Eneo lilifungwa kwa siku 36. Aliyechomwa sindano katika wiki mbili za mwisho alikuwa bado hana ngao yake siku milango ilipofunguliwa. Baada ya hesabu hiyo, hoja ya "tusubiri hadi nchi ichanjwe" huanguka yenyewe, na hapo ndipo mtetezi hodari huibadilisha, aseme kwamba hakuwa akisubiri nchi nzima, bali wahudumu wa afya, walimu, askari, na wazee wa miaka 58 na zaidi ambao walipewa kipaumbele mwezi huo. Hiyo ni hoja ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini inasimama, na mjadala unastahili kuanzia hapo.

Linganisheni na Uingereza, ambako sindano ya kwanza nje ya majaribio ilichomwa Coventry tarehe 8 Desemba 2020, nchi ikafungwa tena mwanzoni mwa Januari, na katikati ya Februari watu milioni 15 walikuwa wameshapata dozi ya kwanza. Tarehe 22 Februari serikali ya huko ilichapisha ratiba ya kufungua yenye tarehe na masharti manne: chanjo iendelee kutolewa vizuri, ionekane kupunguza waliolazwa na waliofariki, maambukizi yasitishie kuzizidi hospitali, na aina mpya za virusi zisibadilishe hesabu. Tarehe ya mwisho ya ratiba hiyo, 21 Juni, iliteleza hadi 19 Julai, lakini raia aliweza kusoma mwenyewe ni sharti gani halikutimia. Amri ya kaunti tano haikutaja siku ya kufunguliwa. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba msemaji wa upande wa utetezi ambaye hana masharti ya kutoka hajamaliza kuandaa hotuba yake, na kwa hili sina upole.

Mpeni nafasi anayejua mtungi

Katika jioni ile ya Nakuru tuliokolewa na watu wawili ambao hawakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Wa kwanza alikuwa muuguzi, ambaye alichoka kusikia watu wakibishana kama hospitali "zilijaa" au "hazikujaa", akasimama, na kuomba chaki.

"Mwalimu," alisema, "niruhusu nichore mtungi."

Aliuchora, akaandika kando yake lita 6,800, ambazo ni ujazo wa oksijeni katika mtungi mkubwa, kisha lita 10 kwa dakika, ambazo mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuzitumia. Lita 600 kwa saa. Mtungi mmoja, saa 11 na ushei. Wagonjwa wanane wa namna hiyo, mitungi 17 kwa siku, na lori la mitungi lina siku zake. "Kitanda kinaweza kuwa kitupu," alisema, "na bado hospitali imejaa." Ukumbi ulinyamaza, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu walielewa kile kinachoogopwa katika wimbi. Wagonjwa wakija polepole, lori hurudi kabla mitungi haijaisha. Wakija wote katika wiki moja, haliwahi.

Kutoka kwenye mtungi nendeni kwenye hesabu ya maambukizi, ambayo haihitaji kompyuta. Watu 10 wakiambukiza 13, na mzunguko mmoja ukichukua siku tano au sita, baada ya mizunguko sita, yaani karibu mwezi, kila 10 watakuwa wamezaa 48 katika mzunguko wa mwisho. Amri ikipunguza mikutano hadi watu 10 waambukize 8, baada ya mizunguko hiyo hiyo watabaki wawili au watatu. Tofauti ya 13 na 8 inaonekana ndogo ubaoni. Mwisho wa mwezi ndio huamua idadi ya mitungi. Anayepinga ana haki ya kuuliza ni kipande gani cha amri kilicholeta tofauti hiyo, na kama barakoa na madirisha wazi visingefika karibu nayo, na mtetezi asikimbie swali hilo kwa kurudia neno "sayansi".

Andikeni gharama kwa saa na shilingi

Mtu wa pili alikuwa mama anayeuza samaki wa kukaanga kando ya kituo cha matatu. Alieleza siku yake bila haraka. Samaki hununua asubuhi. Jiko huliwasha saa kumi na moja jioni. Wateja wake ni watu wanaoshuka matatu wakitoka kazini, na wengi hushuka kati ya saa moja na saa tatu usiku. Kafyu ilipoanza saa mbili, alilazimika kufungasha saa moja na nusu ili afike nyumbani. Samaki aliyebaki hana friji. Kisha akanigeukia mimi, si wasemaji.

"Mwalimu, hizo siku 36 mnazosema zilinunuliwa, pesa zilitoka kwangu. Nilinunua nini?"

Mwenyekiti asiye na uzoefu, na siku hiyo nilikuwa mimi, humshukuru mama kwa "ushuhuda wake wa kugusa" na kurudi kwenye hoja. Msifanye hivyo. Yale yalikuwa maelezo ya gharama, na mahali pake ni ubaoni, mkabala na mtungi. Saa moja na nusu kila jioni kwa siku 36 ni saa 54, na zilikuwa ndizo saa zenye wateja. Nilipoandika 54, mjadala ulibadilika, kwa sababu sasa upande wa utetezi ulikuwa na kitu cha kujibu. Jibu la "uhai ni bora kuliko pesa" halikubaliki hapo. Mama huyo hakuwa akilinganisha pesa na uhai, alikuwa akiuliza mzigo uligawanywaje. Jibu linalokubalika hutaja fidia: nani angelipwa, kiasi gani, kupitia njia gani.

Historia ya karibu inawapa wapinzani silaha nzuri hapa. Mwezi Aprili 2020 serikali ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kama nafuu ya wakati wa janga. Tarehe 1 Januari 2021 kodi hiyo ikarudi asilimia 16. Amri ya Machi kwa hiyo ilikuja nafuu ikiwa imeshaondolewa.

Hesabuni pia gharama ya utekelezaji. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, polisi walirusha vitoa machozi kwa abiria waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni, Mombasa, na hivyo wakawasonganisha watu wale wale waliotakiwa kukaa mbalimbali. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye kibaraza cha nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Watetezi hupenda kuyaita mambo haya makosa ya askari wachache. Mimi nayaweka kwenye safu ya gharama tangu mwanzo, kwa sababu anayependekeza amri anapendekeza pia vyombo vitakavyoitekeleza, kama anavyovijua na si kama anavyovitamani. Wapinzani nao wakumbushwe kwamba ukatili wa polisi hauthibitishi kwamba virusi havikuwepo. Nimeusikia mruko huo wa mawazo mara nyingi mno.

Mifano ya majirani, kwa tahadhari

Mtu atataja Uganda, na ni mfano wenye mafunzo: Juni 2021 Rais Museveni alitangaza siku 42 za vizuizi vikali, na shule, ambazo kwa wanafunzi wengi zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, kufunguliwa huko kukiwa kumefungamanishwa na kuchanjwa kwa walimu na makundi mengine. Ni onyo kwa kila anayesema "hadi chanjo" bila kusema ikichelewa itakuwaje.

Mtu mwingine atataja Tanzania, kwamba haikuwafungia watu na maisha yaliendelea. Mwulizeni takwimu. Hesabu rasmi za huko ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, zikasimama, na utoaji wa chanjo ulizinduliwa tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani. Nchi ambayo haikuhesabu haiwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba uhuru uliua wengi, wala kwamba haukuua.

Siku yenyewe

Gaweni pande kwa kura ya bahati, siyo kwa imani, na katikati ya mjadala wabadilisheni: aliyetetea apinge kwa dakika tatu. Wazee hulalamika, waacheni walalamike, kisha wafanye. Wekeni viti kwa duara kama ukumbi unaruhusu, na msiwaruhusu watu kusimulia waliofiwa nao isipokuwa wao wenyewe wameomba, maana kuna misiba ambayo bado haijapoa na msemaji wa upande wa pili hana namna ya kuijibu bila kuonekana hana utu.

Mwishoni toeni vikaratasi vyenye maswali mawili: msimamo wako ni upi, na ni jambo gani lingekufanya uubadilishe? Majina yasiandikwe. Mwenyekiti asome majibu ya swali la pili tu, polepole, moja baada ya jingine. Jioni ile nilisoma 31. Mmoja aliandika kwamba angekubali kama wabunge nao wangekosa mshahara. Mwingine, kwa mwandiko wa haraka unaofanana na wa cheti cha hospitali, kwamba angekataa kama mitungi ingekuwa mara mbili. Karatasi moja ilikuwa na doa la mafuta pembeni, na ilisema: "Wiki mbili ningekubali, kama mngeniambia mapema nisinunue samaki."